Kanga ya Maneno Kumi na Mawili

Simu yangu imebaki asilimia kumi na tisa, na umeme wetu mnaujua, kwa hiyo sogeeni nianze. Mkinikatisha mtabaki na nusu. Ilitokea kwenye nchi moja hivi. Jina silitaji. Iko mbali sana, hamuijui. Hata wewe unayechungulia dirishani, acha, siyo hapo.

Nchi hiyo ilikuwa na Rais anaitwa Mlezi Mkuu, na pesa inaitwa Fahari. Pesa nzuri sana. Kwenye noti kulikuwa na sura ya Mlezi Mkuu anatabasamu, na kila Fahari ilivyoshuka thamani, Benki Kuu ilichapa noti mpya yenye tabasamu pana zaidi, ili wananchi wasiingiwe na hofu. Kufikia mwaka ninaousema, noti ya milioni moja ilikuwa meno matupu.

Sisemi ni vibaya. Naripoti tu.

Sokoni mji mkuu alikuwepo mama mmoja, Bi Sikudhani, fundi cherehani. Kazi yake kupinda kanga. Umenunua doti yako, unampelekea, anaikata katikati, anakunja ncha, trrrr, tayari. Miaka thelathini na mbili. Hakuna jina la kanga ambalo hajalisoma, na hakuna ambalo hajui linampiga nani. Alikuwa na msemo wake: "Kanga isiyomsema mtu hiyo ni shuka." Huo msemo uwekeni mfukoni, tutauhitaji.

Binti yake, Siwema, alijifungua kwa upasuaji hospitali kuu ya Serikali. Mtoto wa kiume, kilo tatu na nusu, mapafu kama king'ora. Hongera zikapigwa. Halafu ikaja bili.

Hospitali hiyo ilikuwa na utaratibu ulionyooka: hutoki mpaka ulipe, na kila siku unayokaa kwa sababu hujalipa, unailipia. Mtoto naye alilipishwa kitanda. Kitanda chenyewe kilikuwa kifua cha mama yake. Ilipofika wiki ya tano, mama yake akaandikiwa faini ya kuendesha kitanda bila leseni.

"Na nikikosa kabisa, mwanangu?" Bi Sikudhani akamuuliza mhasibu dirishani.

"Atakulia humu humu, mama. Wodi ya tatu tunaye mmoja yuko darasa la pili. Anaongoza hesabu."

Bi Sikudhani alikuwa na mtoto mwingine, Kombo, yuko nchi za watu anapakia kuku kwenye friji kubwa kama msikiti. Kombo akatuma pesa kwa benki. Ilichukua siku ishirini na moja. Ikakatwa tozo ya kuingia nchini, tozo ya kupokelewa, tozo ya uzalendo, na tozo ya mshangao kwa wale wanaouliza mbona tozo nyingi. Kilichobaki kikabadilishwa kuwa Fahari kwa bei ya Serikali, bei ambayo haijawahi kuonekana sokoni hata siku moja. Mama wa watu akatoka benki na fuko limejaa meno. Kufika hospitali, bili imepanda mara mbili.

Mhasibu akaangalia kulia. Akaangalia kushoto. Akainama.

"Mama, hizi Fahari tunazipokea kwa sababu sheria inasema tuzipokee. Lakini kati yangu na wewe. Huna Chembe?"

Mhasibu wa Serikali huyo. Kwenye dirisha la Serikali. Nyuma yake picha ya Mlezi Mkuu.

*

Bi Sikudhani akampigia Kombo jioni ile.

"Chembe ni nini, na usinizungushe."

"Mama, lile grupu la michango ya harusi ya Shani unalikumbuka?"

"Lililonimalizia chaji mwezi mzima? Nalikumbuka."

"Mtu akichanga alikuwa anafanyaje?"

"Anakopi orodha nzima, anaongeza jina lake chini, anairusha tena."

"Na mjomba Mbwana aliyejiandikia laki mbili wakati katoa elfu ishirini?"

"Aliumbuka! Kila mtu ana orodha yake kwenye simu yake. Watu mia mbili walimvaa kabla hajafuta. Mpaka leo haji kwenye misiba."

"Basi Chembe ndiyo hiyo hiyo. Grupu ni dunia nzima, orodha kila mtu anayo, na halina admin."

"Halina admin? Sasa wakorofi anawatoa nani?"

"Hakuna wa kumtoa mtu, mama, ndiyo raha yake. Kuna mashine za watu baki huko duniani zinashindana kupiga hesabu ngumu. Inayowahi ndiyo inaandika ukurasa unaofuata, inapewa kijiasante chake. Na kila ukurasa umeshonwa kwenye uliotangulia. Ukitaka kubadilisha wa nyuma, ufumue zote zilizofuata, na dunia nzima inakutolea macho."

Hapo fundi akaelewa. Kufumua anakujua.

"Na hela yangu inakaa wapi?"

"Kwenye hiyo orodha. Wewe unachokuwa nacho ni ufunguo. Simu itakupa maneno kumi na mawili. Hayana maana yoyote, ila kwa mpangilio ule ule ndiyo yanafungua pochi yako. Usimwambie mtu. Atakayeyajua, hela ni yake. Ukiyasahau, hakuna ofisi ya kwenda kulia."

"Hata kwa mjumbe?"

"Hata kwa mjumbe, mama."

Bi Sikudhani akayaandika maneno yake kwenye kipande cha kitambaa, akakishonea ndani ya upindo wa foronya yake.

Msije mkadhani naipigia debe Chembe. Bei yake ilikuwa inapanda na kushuka kama mlevi kwenye ngazi, na matapeli walijaa humo kama kunguni kwenye gesti. Lakini mlevi huyo angalau siku nyingine anapanda. Fahari ilijua njia moja tu.

Kombo akatuma Chembe hamsini. Zilifika chai haijapoa. Bili ilikuwa Chembe arobaini na moja. Bi Sikudhani akafua gauni lake la kutokea, akalala mapema, kesho akamchukue binti yake na mjukuu.

*

Kesho yake saa moja asubuhi Waziri wa Fedha, Dakta Ngwinji, akatokea kwenye luninga amevaa tai tatu.

"Serikali imebaini uwepo wa pesa isiyo na mwenyewe," akasema. "Na pesa isiyo na mwenyewe, kwa mujibu wa sheria, ni mali ya Serikali. Kila mwananchi asalimishe Chembe zake ndani ya siku saba. Atakayekaidi, tutamsamehe baada ya kumfunga."

Ikaundwa Kamati ya Kukusanya Chembe. Siku ya kwanza walipita mitaani na magunia. Wakachimba nyua, wakachekecha unga wa watu kwa chekeche, wakakamata mashine mbili za kusaga na mzee mmoja aliyekuwa anahesabu tasbihi. Siku ya pili mtu akawaambia ziko kwenye simu, wakaanza kufungua simu kwa bisibisi.

Siku ya tatu wakaamua kumkamata kiongozi.

"Mwenyekiti wa Chembe ni nani?" afande akauliza sokoni.

"Haina mwenyekiti, afande."

"Katibu?"

"Haina."

"Mweka hazina?"

"Afande, haina kitu chochote."

"Kuna kitu gani duniani kisichokuwa na mwenyekiti?" afande akafoka, na kwa kweli alikuwa anauliza, alikuwa na hofu machoni. Wakafungua kesi dhidi ya Mwenyekiti Asiyejulikana. Kizimbani wakaweka kiti kitupu. Kiti kikanyimwa dhamana.

Siku ya nne walipata akili. Wakaenda hospitali.

Bi Sikudhani, aliyengoja siku tatu magunia yapite, alikuwa dirishani kwa mhasibu, simu mkononi, ndiyo kwanza anabonyeza. Afande akaweka kiganja juu ya skrini.

"Bibi, zipo ngapi?"

"Hamsini. Ni za bili, baba. Binti yangu yuko ndani wiki ya sita."

"Vizuri sana. Ukizisalimisha, binti yako anatoka."

"Wallahi?"

"Mimi ni Serikali, bibi. Serikali haiapi."

Akazituma kwenda Pochi ya Taifa. Afande akampa risiti yenye mihuri minne. Bi Sikudhani akampelekea mhasibu ile risiti, mhasibu akaigeuza, akaisoma pande zote mbili.

"Mama, hii inaonyesha umekuwa mzalendo. Bili bado iko pale pale."

Alipogeuka, afande alishaondoka. Mlango wa wodi una kioo kidogo. Siwema alikuwa amesimama upande wa pili, kamnyanyua mtoto ili bibi yake amwone. Bi Sikudhani akapunga mkono. Hakulia. Alirudi sokoni, akakaa kwenye cherehani yake, akashona mpaka sindano ikakatika.

*

Asilimia kumi na moja. Twendeni.

Pochi ya Taifa ikajaa. Chembe laki sita za wananchi. Na kwa kuwa ni pochi kama pochi nyingine, ikatoa maneno yake kumi na mawili. Waziri Ngwinji akayachapa kwenye karatasi nzuri, akaweka kwenye bahasha, akaipeleka Ikulu.

"Mheshimiwa Mlezi Mkuu, haya ndiyo maneno ya Taifa."

Sasa, Mlezi Mkuu alikuwa haulizi maswali. Mtu anayejua kila kitu anauliza nini? Na sherehe za Uhuru zilikuwa wiki mbili mbele, na kila mwaka zina kaulimbiu, na kaulimbiu kila mwaka inachapwa kwenye kanga. Akavaa miwani, akasoma taratibu:

"Kijiko, baba, ngazi, mbuzi, wingu, kufuli, tembea, ukwaju, jirani, pole, redio, kesho."

Akavua miwani. Machozi yakamlengalenga.

"Ngwinji," akasema, "hii ndiyo kaulimbiu nzito kuliko zote nilizowahi kutoa."

Waziri akafungua mdomo. Akaufunga. Mtu wa mwisho kumsahihisha Mlezi Mkuu aliteuliwa balozi kwenye kisiwa kisicho na watu. Akainama, akapiga makofi.

Zikachapwa doti milioni mbili. Mshairi wa Taifa akaitwa redioni kufafanua. Kijiko ni uchumi, akasema, maana unachota. Baba ni Mlezi Mkuu. Ngazi ni maendeleo. Mbuzi ni sisi wananchi. Kufuli ni usalama wa nchi. Ukwaju akauzungumzia dakika arobaini. Msikilizaji mmoja akapiga simu kuuliza mbona kaulimbiu haina kitenzi zaidi ya tembea, na simu yake ikatembea moja kwa moja.

*

Kanga zilitoka kiwandani hazijapindwa, sherehe zimebakiza siku mbili. Mafundi wote wa soko wakaamriwa kupinda bure, kwa moyo. Bi Sikudhani akabwagiwa marobota manne.

Jirani yake kwenye kibaraza alikuwa fundi mwenzake, Bi Tausi, mwanamke wa maneno mengi na mkasi mkali.

"Shoga, hii kanga mbona siielewi?" Bi Tausi akasema. "Inamsema nani?"

"Haimsemi mtu."

"Si uliniambia isiyomsema mtu ni shuka?"

Bi Sikudhani akaivuta kanga karibu. Alikuwa anapitisha kidole kwenye maandishi. Miaka thelathini na mbili, hajawahi kuona jina la kanga lisilo na mafumbo wala kijembe, maneno yamekaa tu kama abiria wasiofahamiana. Mara moja tu ameona maneno ya namna hiyo. Kwenye foronya yake mwenyewe.

Akahesabu. Akahesabu tena.

"Tausi. Ni maneno mangapi?"

"Kumi na... mawili." Mkasi wa Bi Tausi ukasimama hewani. "Sikudhani! Wamechapa ufunguo?"

"Shona. Usinyanyue kichwa."

Tatizo lilikuwa moja. Intaneti ya nchi ilikuwa imezimwa tangu siku saba za kusalimisha ziishe, ili wananchi wapumzishe macho. Ingewashwa siku ya Uhuru tu, kuanzia hotuba ya Mlezi Mkuu mpaka mwisho wake, ili watu wamrushe laivu. Wakati huo huo bili ya Siwema imefika Chembe arobaini na nane, na mhasibu ameshatuma ujumbe: mtoto ameanza kuandikiwa pango.

*

Siku ya Uhuru uwanja ulifurika. Kuhudhuria ilikuwa hiari, na majina ya wasiohiari yaliandikwa getini. Wanawake wote wamejifunga kanga ile. Maneno kumi na mawili mara wanawake elfu arobaini, unayasoma hata kutoka kwenye helikopta.

Mlezi Mkuu akapanda jukwaani. Intaneti ikawaka. Simu elfu arobaini zikalia kwa pamoja kama vyura.

"Ndugu wananchi! Kijiko!"

"Kijikoooo!"

Bi Sikudhani alikuwa safu ya kumi na nne, Bi Tausi ubavuni. Akafungua simu, akaanza kuandika, anachungulia kiuno cha mama aliyesimama mbele yake. Kijiko. Baba. Ngazi. Mama wa mbele akajigeuza.

"Dada, tulia hapo hapo," akamwambia, "nasoma kanga yako."

Kufuli. Tembea. Ukwaju. Jirani, pole, redio, kesho.

Pochi ikafunguka.

Bi Tausi akaingiza kichwa. "Yallah! Lakini shoga, si walikusanya laki sita? Hapa mbona ni laki mbili na elfu kumi?"

Na hapa ndipo uzuri wa lile daftari la Chembe. Halifichi. Ukurasa wa siku tatu nyuma ulikuwa wazi kabisa: Chembe laki tatu na elfu tisini zimetoka kwa mpigo mmoja, zimeenda pochi moja. Jina hakuna. Ila pochi hiyo hiyo, ukishuka chini, kesho yake imelipa kampuni ya magari ya nje, na kampuni ile, kwa furaha, ilikuwa imerusha mtandaoni picha ya mteja wake na risiti. Mteja amevaa tai tatu. Mimi simtuhumu mtu, jamani. Tai zinauzwa kila mahali. Na zile zilizobaki kwenye Pochi nadhani aliziacha ili lawama ipate pa kukaa, siku wengine wakizigusa.

"Chukua zote," Bi Tausi akanong'ona.

"Nachukua hamsini."

"Ongeza sifuri moja, Sikudhani! Moja tu, nani ataona?"

"Kila mtu. Si umemwona huyo wa tai?" Akaandika hamsini. "Sifuri ongeza wewe, na kaburi lako."

Akabonyeza. Sasa kungoja. Ukurasa mpaka uandikwe na zile mashine za watu baki, dakika kumi hivi, na intaneti inakufa hotuba ikiisha. Mlezi Mkuu alikuwa ameshafika kwenye ukwaju. Kwa mara ya kwanza maishani Bi Sikudhani akaomba hotuba ya Rais iwe ndefu.

Mungu si Athumani. Mlezi Mkuu akaangalia uwanja, akaona nini? Maana Bi Tausi alishamnong'oneza wa kulia, wa kulia akamnong'oneza wa nyuma, na sasa safu nzima nzima zimeinamia simu, watu wanasomana viunoni, vidole vinakimbia.

"Tazameni!" Mlezi Mkuu akalia kwa furaha. "Tazameni wanavyoyaandika maneno yangu! Ngwinji, umewahi kuona wananchi wenye kiu hivi?"

Waziri Ngwinji alikuwa anaangalia simu yake. Rangi ya uso ilimtoka, akawa kama noti iliyofuliwa. Akanyanyuka, akamsogelea Mlezi Mkuu sikioni. Mlezi Mkuu akamsukuma.

"Usinikatishe! Narudia mwanzo, kwa ajili ya waliochelewa! Kijiko!"

"Kijikoooo!"

Akarudia mara tatu. Mara ya pili ilipofika mbuzi, simu ya Bi Sikudhani ikatetemeka mkononi. Hamsini, kasoro kijiasante cha walioandika ukurasa. Mara ya tatu ilipofika kesho, Pochi ya Taifa ilikuwa tupu. Wapo waliochukua zao. Wapo waliochukua na za jirani. Binadamu ni yule yule, hata ukimpa daftari jipya.

*

Asilimia nne. Namalizia.

Serikali ikachukua hatua kali. Iliundwa tume ya kuchunguza upotevu, intaneti ikawashwa tena ili itafute wezi mtandaoni, ikapewa siku tisini na magari kumi na mawili, mwenyekiti wake Dakta Ngwinji, kwa uzoefu wake. Maneno yale yakatangazwa kuwa siri ya nchi, kuyajua ni kosa. Watoto walikuwa wameshayafanya wimbo wa kurukia kamba. Kanga ikapigwa marufuku: kuivaa ni kosa. Ila kwa kuwa ina maneno ya Mlezi Mkuu, kuivua hadharani nako ni kosa. Wanawake wengi walibaki majumbani wakisubiri ufafanuzi.

Bi Sikudhani hakusubiri. Alikuwa dirishani kwa mhasibu. Bili arobaini na tisa. Mhasibu akaangalia kulia, akaangalia kushoto, zikaingia, akapiga muhuri. Kilichobaki kikanunua uji wa mzazi na pilipili manga.

Siwema akatoka wodini anatembea taratibu, mkono tumboni. Bibi mtu kabeba mjukuu, kamfungia kwenye ile ile kanga, hakuwa na nyingine safi. Wakafika getini. Mlinzi akanyanyua rungu.

"Simama! Mama, hiyo kanga ni haramu."

"Niivue?"

"Usiivue! Hiyo nayo ni haramu." Akakuna kisogo. Akasogea. Mtoto, kama aliyekuwa anangoja, akakojoa, mkojo ukateremka taratibu juu ya baba, ukashika ngazi, ukaenea mpaka kwa mbuzi. Mlinzi akatoa simu mfukoni, akaangalia barabarani, akaangalia ofisini, akashusha sauti kabisa.

"Mama yangu, samahani. Neno la tisa ni lipi? Umelikunjia kwa ndani."

Bi Sikudhani akamwangalia kijana wa watu. Akafunua lile kunjo, akamwonyesha.

"Jirani," akasema. "Lakini umechelewa, mwanangu. Sasa hivi hii ni shuka tu."